Uraka wa Vuli

Wafasiri wetu wamelitwika neno vuli mzigo wa mbingu mbili. Hulitumia kwa majira ya Ulaya ambayo majani hugeuka rangi na kupukutika, ilhali vuli yetu ni ya mvua za Oktoba hadi Disemba, wakati majani yanapochipua. Wajerumani wana bia ya majira yao hayo, iitwayo Märzen. Kwa desturi ya zamani ilipikwa mwezi Machi, ikalazwa mahali pa baridi miezi yote ya joto, kisha ikanywewa mavuno yalipokaribia kwisha. Nasi tunacho kinywaji cha vuli, tena vuli iliyo yetu: uraka.

Uraka ni maji ya mabibo yaliyochachuka. Bibo ni lile tunda jekundu au la manjano ambalo korosho huning'inia nje yake. Mkorosho asili yake ni Brazil, ukaletwa pwani hii na Wareno katika karne ya 16, na jina kanju, litumikalo upande wa Mombasa, lingali na sauti ya caju ya Kireno. Korosho husafiri hadi ng'ambo, bibo halisafiri. Likianguka leo, kesho limeanza kuoza. Wengi huliacha chini ya mti, lakini watu wa Mtwara na Lindi hulikamua.

Mimi niliuonja uraka Chanika, mbele ya Pugu, kwa jirani yangu, bibi mzaliwa wa Newala. Kiwanjani kwake imebaki mikorosho miwili. Huokota mabibo alfajiri, akayang'oa korosho, akayaponda kinuni na kuyakamua kwa kitambaa ambacho madoa yake hayatoki tena. Kisha huyaacha maji ndani ya dumu, kifuniko kikiwa kimelegezwa. Hatii sukari wala hamira. Chachu huja na tunda lenyewe. Kesho yake maji yanatoa povu jembamba. Siku chache zaidi, huwa siki. Nilimuuliza kama hawezi kuweka akiba kidogo ya sikukuu.

"Huu hauwekwi, mwanangu," alinijibu. "Huu unangojwa."

Alinimiminia kikombe cha bati. Harufu ilitangulia, kama ya nanasi lililoiva kupita kiasi. Ukaja utamu mdogo, ukafuatwa na ugwadu ulioamsha ulimi. Mwisho wake kinywa kizima kikakauka, mashavu yakavutwa ndani, na koo likakereketa. Nikasema, "Bibi, huu mkali." Akatikisa kichwa. Kwake mkali ni pilipili, na mkali ni gongo. Huu, alisema, una ukakasi.

Neno hilo nalijua, nawe msomaji unalijua. Tunalisoma magazetini na kulisikia bungeni: kauli ina ukakasi, mkataba una ukakasi. Ni neno la jambo lisilokubalika vizuri, ambalo mtu hulimeza kwa shida. Lakini kabla halijaingia katika mikataba, lilikaa kinywani. Ukakasi si uchungu, wala si uchachu, wala si ukali. Ni ule ukavu unaoachwa na ndizi mbichi au bibo, ulimi ukajiona umevikwa nguo ya gunia. Wangapi kati yetu tunaolitumia neno hili kila wiki tumewahi kulionja? Sitiari imehamia mjini, na tunda limebaki chini ya mti.

Na mti wenyewe haujulikani utasimama hadi lini. Chanika inapimwa viwanja. Mwana wa bibi anataka kuikata mikorosho ile miwili ajenge vyumba vya kupangisha. Hoja yake ina uzito: kodi huja kila mwezi, mabibo huja mara moja kwa mwaka, na dawa za presha za mama yake hazingoji vuli. Bibi hajakataa. Ameomba msimu mmoja zaidi. Siwezi kumlaumu yeyote kati yao, wala siwezi kumwambia mtu aache kujenga ili kamusi yangu ipate kivuli.

Nisemalo ni dogo zaidi. Neno laweza kuishi bila mti wake, kama ukakasi uishivyo bungeni, ila litaishi kama mtu aliyesahau kwao: atajibu akiitwa, lakini hataweza kusimulia alikotoka. Basi, msomaji, kama jirani na kwako mkorosho ungali umesimama, okota bibo moja Novemba hii. Si lazima lichachuke. Hata bichi linatosha. Lume taratibu, usubiri kinywa kikauke, ndipo uende ukaandike kwamba jambo fulani lina ukakasi.