Kahawa ya Dzaleka

Dzaleka, kwa Kichewa, maana yake ni "sitarudia tena". Jina hilo lilikuwa la gereza katika wilaya ya Dowa, kaskazini ya Lilongwe, ambamo utawala wa Kamuzu Banda uliwafungia wapinzani wake. Mwaka 1994 mahali hapo paligeuzwa kuwa kambi ya wakimbizi. Iliyokusudiwa watu wapatao 10,000 sasa ina zaidi ya 50,000, wengi wao wakiwa wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, na wachache Uhabeshi na Somalia. Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowakutanisha watu hao sokoni.

Karibu wote wametoka katika nchi zinazolima kahawa, lakini si wote waliozoea kuinywa. Katika Burundi na Rwanda, tangu miaka ya 1930, Wabelgiji waliwalazimisha wakulima kupanda mibuni. Mkulima aliichuma kahawa, akaiuza, ikasafirishwa Ulaya. Mwenyewe nyumbani akanywa pombe ya ndizi. Askari wa Tanzania na Malawi waliotumwa mashariki ya Kongo tangu mwaka 2013 chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa walifika katika nchi ambayo wakulima wake waliwahi kuvusha kahawa kwa mitumbwi, usiku, katika Ziwa Kivu, ili waiuze Rwanda. Baadhi yao walizama. Ni dhahiri kwamba kwa watu hao kahawa ilikuwa ada ya shule na bei ya mabati kabla ya kuwa kinywaji.

Kwa Wahabeshi mambo ni tofauti kabisa. Mama wa nyumba hutandika majani mabichi sakafuni, akafukiza ubani, akaziosha buni na kuzikaanga mbele ya wageni wake. Moshi ukianza kupanda, huwapitishia kikaango ili kila mmoja aupate ule mnukio. Kisha buni hutwangwa kinuni na kuchemshwa katika jebena, chungu cha udongo chenye shingo ndefu, na kahawa ikamiminwa katika vikombe vidogo visivyo na mkono. Huandaliwa mara tatu: ya kwanza huitwa aboli, ya pili tona, na ya tatu baraka, neno ambalo Mswahili hahitaji kutafsiriwa. Si adabu kuondoka kabla ya baraka. Mwenye haraka asiingie.

Dini nazo zimegombana sana juu ya kinywaji hiki. Masufii wa Yemeni walikinywa ili wakeshe katika dhikri, lakini mwaka 1511 mtawala wa Makka alikipiga marufuku, na marufuku hayo hayakudumu. Katika Uhabeshi, Kanisa la Orthodox liliiona kahawa kuwa ya Waislamu na kuwakataza waumini wake, mpaka mwishoni mwa karne ya 19, zama za Mfalme Menelik, ambaye mwenyewe aliinywa. Leo Mkristo na Mwislamu wa huko huketi kwenye jebena moja. Wasabato, ambao ni wengi katika nchi za Maziwa Makuu, bado hujiepusha nayo.

Wako pia wasioinywa bali huitafuna. Kwa Wahaya wa Kagera mgeni hupewa buni zilizochemshwa na kukaushwa. Katika Buganda, watu wawili waliotaka kuwa ndugu walilipasua tunda moja la kahawa, ambalo kwa kawaida lina punje mbili, na kila mmoja akala punje iliyopakwa damu ya mwenzake.

Malawi yenyewe ni nchi ya chai, ya Thyolo na Mulanje. Kahawa yake nzuri hutoka kaskazini, katika vilima vya Misuku karibu na mpaka wa Tanzania. Wakimbizi kadhaa walikuwa wamefungua maduka Lilongwe na katika miji mingine, mpaka mwaka 2023 serikali ilipoamuru warudi Dzaleka. Kila nchi ina sheria zake, na askari hutekeleza amri. Lakini inafaa kutazama kinachobaki kwa mtu aliyefunga duka lake. Kambini yeye huhesabiwa, hupangwa foleni, hupokea. Miaka hupita bila mtu kumwambia "ahsante kwa ukarimu wako". Akiwa na makaa kidogo na konzi ya buni, huwa mwenye nyumba tena: yeye ndiye anayemwambia mwingine "karibu, keti", na mwingine ndiye anayeshukuru. Kwa hiyo kukikataa kikombe hicho kwa kuona huruma, ati mwenyeji ni maskini, ni kumvunjia heshima.

Asiyeruhusiwa na dini yake aseme mapema, kabla buni hazijakaangwa. Mama hodari atamchemshia maji yenye tangawizi, au maziwa yakiwapo, na kumpa katika kikombe cha namna ileile wanayonywea wenzake.