Dirisha ni la nani?

Nikirudi nyumbani Mukuyuni, kule Makueni, huulizwa swali lile lile: "Hivi wewe huko Nairobi unafanya kazi gani hasa?" Nikisema naandika programu za kompyuta, wananielewa nusu. Nikisema natengeneza madirisha wanacheka, maana fundi wa madirisha yuko pale sokoni, anachomelea vyuma mchana kutwa.

Haya, leo nitaieleza kazi hii. Nimeifanya kwa zaidi ya miaka ishirini, na kuna jambo moja ndani yake ambalo halikuwa kwenye vitabu vya chuoni. Kulijua kumenigharimu pesa.

Nilianza mwaka 2002. Maabara yetu ilikuwa na mashine chache za Linux, nami nilitaka kujua ni nani anayeyachora yale madirisha kwenye skrini. Jibu likawa X Window System, iliyoanzishwa MIT, Marekani, mwaka 1984 na Bob Scheifler na Jim Gettys. Toleo lake la 11 lilitoka mwaka 1987, na kuna mashine zinazolitumia hadi leo.

X ina tabia mbili zinazomchanganya kila mgeni. Ya kwanza: tumezoea kwamba seva iko mbali na mteja ni wewe. Kwa X ni kinyume. Seva ni programu inayomiliki skrini, kibodi na kipanya kilicho mbele yako. Mteja ni ile programu unayoitumia, nayo inaweza kuwa inaendeshwa kwenye mashine nyingine kabisa, ikituma maombi: chora mstari hapa, andika neno pale.

Tabia ya pili: seva hiyo hailazimiki kukumbuka ulichochora. Dirisha jingine likikufunika kisha likaondoka, X inakutumia ujumbe kwamba sehemu fulani imefunuliwa, ichore upya. Usipojibu, pale panabaki patupu au panabaki uchafu.

Ndiyo maana programu ya madirisha haiandikwi kama hesabu inayoanza juu na kuishia chini. Ni mzunguko. Ngoja tukio, lijibu, rudi ungoje tena. Mfikirie mwenye duka: hawezi kuamua mteja ataingia saa ngapi, wala kama ataulizia sukari au sabuni. Akienda nyuma kupanga magunia kwa dakika kumi, foleni inaganda. Kompyuta yako "ikikwama", mara nyingi haijafa. Aliyepaswa kusikiliza ameshikwa na kazi nyingine. Dawa yake ni kuipeleka kazi ndefu kwenye uzi mwingine ili mzunguko ubaki huru. Ukilielewa hilo, umeelewa nusu ya ufundi huu.

Nusu ya pili ni nafasi. Mwaka 2005 niliajiriwa kuandika programu za ofisi kwa Visual Basic 6. Pale kila kitufe unakipimia mahali pake, kwa kipimo ambacho inchi moja ina sehemu 1,440. Ilikuwa rahisi na ya haraka, mradi maneno yawe ya Kiingereza. Lakini Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilikuwa kimetoa Jambo OpenOffice mwishoni mwa 2004, nami nikatamani ofisi zetu nazo ziwe na skrini za Kiswahili. "Save" ina herufi nne, "Hifadhi" saba. "Settings" ikawa "Mipangilio". Maneno yakakatwa mkia. Ukikipanua kitufe kimoja unamkanyaga jirani yake, na jirani yake naye, mpaka usiku wa manane.

Java Swing na GTK zilifuata njia nyingine. Huko husemi kitufe kikae hapa hasa. Unasema hivi vitatu vifuatane, cha mwisho kipewe nafasi itakayobaki. Maktaba yenyewe inaliuliza neno lina upana gani, kisha inagawa. Nilipoona hivyo nikaiaga Visual Basic 6, na Microsoft nayo iliacha kukihudumia chombo hicho mwaka 2008. Msomaji, lizoee hilo: vyombo vyetu hufa.

Kisha ikaja M-Pesa. Safaricom iliizindua Machi 2007, na haikuwa na dirisha hata moja! Orodha ya huduma ilikaa kwenye kadi ya simu, na simu yenyewe ndiyo iliyoichora kwa herufi zake. Ilifanya kazi hata kwenye simu ndogo za bei nafuu zilizojaa vijijini wakati ule. Nokia 1100, kwa mfano, ilikuwa na skrini ya nukta 96 kwa 65. Mimi mtu wa madirisha nilikaa nikaitazama sana. Kilichonishika si ile orodha, ni kilichokuja baadaye. Pesa zikitumwa, ujumbe unawafikia wote wawili, mtumaji na mpokeaji. Kila mmoja ana namba zake mfukoni, na hakuna anayemsomea mwenzake.

Sasa nifike kwenye maembe.

Mwaka 2014 mnunuzi mmoja, simtaji jina, alinipa kazi ya programu ya kituo chake cha kununulia matunda. Karani apime kreti, aandike kilo, atoe makato ya yaliyooza au kubonyea, mwisho ioneshe mkulima alipwe ngapi. Niliiandika kwa Swing. Siku ya majaribio nikaenda kutazama.

Karani yuko nyuma ya meza na laptopu imemwelekea yeye. Wakulima wamesimama upande wa pili, wanatazama mgongo wa skrini. Mmoja wao ni mama mdogo, dada ya mama yangu.

"Makato kilo kumi na nane," karani akasema.

"Kumi na nane kwa sababu gani?"

"Ndivyo kompyuta inavyosema, mama."

Kisanduku kile nilikijua, ni mimi niliyekichora. Namba ndani yake huandikwa na karani. Kompyuta haikuwa imesema neno.

Wiki ile niliongeza dirisha la pili, la kuwekwa kwenye skrini ndogo inayowatazama wakulima: jina, kilo, makato, sababu ya makato, bei, jumla. Kwa ufundi ni kazi ndogo. Data inakaa mahali pamoja, madirisha mawili yanaisikiliza, karani akiandika yote mawili yanachorwa upya. Haikufika mistari 200.

Mnunuzi alilitazama, akasema, "Litoe hilo. Litatuletea maneno."

Nikamwambia basi tutoe risiti yenye sababu. Akakataa. Nikamwambia mimi sitaikabidhi bila mojawapo. Tukaachana hapo, na nusu ya malipo iliyobaki sijaiona hadi leo. Mke wangu aliuliza swali moja tu: karo ya Januari itatoka wapi? Sikuwa na jibu zuri. Tuliuza mbuzi wawili, na kingine nikakopa.

Msimu uliofuata kikundi cha wakulima walioamua kuuza pamoja kiliniita. Hawakuwa na pesa za skrini ya pili, basi nikaifuata njia ya M-Pesa. Karani akibonyeza kitufe, mkulima anapata ujumbe: "Kilo 112. Makato 6, yamebonyea. Bei 15. Jumla 1,590." Ujumbe mmoja wa simu unabeba herufi 160, hapo nafasi inabaki.

Wiki ya kwanza maneno yalikuwa mengi kweli. Kwenye hilo yule mnunuzi alisema kweli. Watu walirudi na simu mkononi, wakapinga, kreti zikafunguliwa, embe zikahesabiwa moja moja. Mara nyingine karani alikuwa sawa, mara nyingine mkulima. Wiki ya tatu yakapungua, kwa sababu karani alikuwa ameanza kumwonesha mtu embe lililobonyea kabla hajaandika namba.

Tangu wakati ule nimepita Android, nimepita kurasa za wavuti, na sasa najifunza Wayland, ambayo Kristian Høgsberg aliianzisha mwaka 2008 ili kuchukua nafasi ya X. Kwa Wayland kila programu inachora picha yake yenyewe, na mwunganishaji anazipanga zote kwenye skrini. Majina yamebadilika, mzunguko ni ule ule: ngoja, jibu, rudi.

Kwa kijana anayeanza kazi hii nina mawili tu. Jifunze mzunguko wa matukio vizuri, kwa lugha yoyote, maana maktaba utakayoanza nayo huenda isiwepo utakapofika miaka arobaini. La pili, kabla ya kukabidhi kazi, nenda pale itakapotumika. Usikae kwenye kiti cha karani. Zunguka meza, simama kwenye foleni pamoja na wanaohesabiwa, kisha tazama kutoka hapo unaona nini. Kama ni mgongo wa laptopu tu, kazi haijaisha.