Nungwi: Jaketi la mzamiaji huoshwa hadi ndani

Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, inasifika kwa mafundi wa majahazi wanaokalafati mbao kwa pamba ili maji yasiingie. Pwani hiyohiyo, kwenye vituo vya kuzamia, kazi ni kinyume chake: kuhakikisha hewa haitoki kwenye jaketi la mzamiaji.

Jaketi hili si boya la kuokolea maisha. Mzamiaji hulijaza hewa ya mtungi kwa kubonyeza kitufe, au huipunguza, ili asizame wala kupanda asivyotaka. Adui yake ni chumvi. Ikigandia kitufe hunasa, jaketi hujijaza lenyewe na kumpandisha mtu ghafla. Kutoka mita 10 hadi juu, hewa hutanuka mara mbili; aliyebana pumzi huweza kupasuka mapafu.

Kinga yake haina gharama. Kila baada ya kuzamia, jaketi huoshwa kwa maji yasiyo na chumvi, nje na ndani, hukamuliwa, hujazwa hewa kidogo na kuanikwa kivulini. Kujua kama linavuja, lijazwe pomoni liachwe usiku kucha. Likilegea, litumbukizwe majini. Mapovu yataonyesha tundu. Mpira wa valvu uliochakaa hubadilishwa nyumbani, lakini kitufe kinachonasa apelekewe fundi aliyesomea.

Mzazi anayempeleka mwanawe kuzamia Mnemba asione haya. Aombe jaketi lijazwe mbele yake, kitufe kibonyezwe na kuachiwa. Kikikawia kurudi, mtoto asiingie majini na jaketi hilo.