Mtoto Mwenye Kipaji na Miaka ya Kumsubiri



Wiki hii napenda tuitazame safari ya mwigizaji wa Uingereza, Daniel Kaluuya. Vijana wetu wengi walimwona katika filamu ya Black Panther ya mwaka 2018. Huenda hawajui kwamba damu yake ni ya huku kwetu Afrika Mashariki. Alizaliwa London tarehe 8 Mei 1989, na wazazi wake wote wawili walitoka Uganda. Alilelewa na mama yake huko Camden, katika nyumba za kupangishwa na halmashauri, baba akiwa mbali nchini Malawi.

Akiwa na umri wa miaka tisa aliandika mchezo wake wa kwanza wa kuigiza. Utotoni alijifunza sanaa hiyo kwa Anna Scher, mwalimu aliyeanzisha mwaka 1968, mtaani Islington, darasa la maigizo kwa watoto wa watu wa kawaida. Sekondari alisoma katika shule ya Kikatoliki ya wavulana yenye jina la Mtakatifu Aloisi Gonzaga, msimamizi wa vijana.

Tuhesabu miaka. Mwaka 2007 alionekana katika tamthilia ya Skins, akiigiza na pia kushiriki kuiandika. Mwaka 2010 aliigiza bondia katika mchezo wa Sucker Punch, jukwaani Royal Court. Mwaka 2011 akatokea katika Black Mirror. Baadaye ukaja ukame: kwa muda wa kama mwaka mmoja na nusu hakuigiza, akakata tamaa. Kumbe mwongozaji Jordan Peele alikuwa ameiona ile kazi ya 2011, naye akamwita kwenye filamu ya Get Out, iliyotoka mwaka 2017. Tarehe 25 Aprili 2021, akiwa na umri wa miaka 31, alipokea tuzo ya Oscar kwa kumwigiza Fred Hampton. Mbele ya dunia alimshukuru Mungu, akamshukuru na mama yake. Tangu mchezo wa mtoto wa miaka tisa hadi siku ile, ilikuwa imepita zaidi ya miaka ishirini.

Nimeyaandika haya kwa sababu ya mama mmoja wa hapa Mzinga. Majuzi, baada ya mazoezi ya igizo la watoto, alinijia akaomba binti yake aondolewe kikundini. Mtoto yuko darasa la saba. "Baba Paroko," aliniambia, "maigizo hayatamlisha." Sikuweza kumlaumu. Yeye huamka usiku kuwahi mboga zinazoteremshwa kutoka milimani, auze sokoni, na hataki binti yake arithi beseni lile.

Nilimwomba tufikiri pamoja. Kaluuya alianza utotoni, lakini hakufanywa mtaji utotoni. Alicheza, akaandika, akasoma. Runinga ilimfikia akiwa kijana. Atakaye kumpeleka mtoto kwenye kamera ili alete fedha nyumbani, huyo amevuna mahindi mabichi. Tena, shule na sanaa si maadui. Hata Bagamoyo, kwenye taasisi ya sanaa iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, huulizwa cheti cha kidato cha nne.

Basi nilipendekeza hivi: mazoezi yawe Jumamosi tu, saa mbili na si zaidi, na mwezi wa mtihani yasimame kabisa. Bado hajanijibu, na jibu ni lake. Hapa Uluguru, ambako mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mama, twajua uzito wa neno la mama.

Lakini tusimwachie mama mzigo peke yake. Nyuma ya mama yule wa Camden alikuwapo mwalimu mwenye chumba na muda wa kuwasikiliza watoto wa wenzake. Wajomba, akina baba, walimu wastaafu mlio majumbani: ukumbi wetu uko wazi kila Jumamosi, na watoto wanaokuja ni wengi kuliko watu wazima wa kuwasimamia. Anayeweza kutoa saa mbili aonane nami baada ya Misa.