Akitoka ICU

Kwetu Hirbadaw, mgonjwa akitoka ICU huhesabiwa amepona. Simu zinapigwa, watu wanamshukuru Mungu, na michango inakauka siku hiyohiyo.

Nimeyaona haya nikimuuguza mpwa wangu, aliyeanguka na bodaboda akaumia kichwa na kuvunjika paja. Majeruhi wa huku wengi hukimbizwa Haydom, kwenye hospitali ya Kilutheri iliyoanzishwa na wamisionari wa Norwe mwaka 1955. Ikibidi hupewa rufaa. Wetu alipelekwa mbali.

Alipokuwa ICU, kazi yetu ilikuwa kukaa nje na kuhangaikia bili. Muuguzi alikuwa na wagonjwa wawili tu; ndiye aliyemgeuza, akamfyonza makohozi, akamlisha kwa mpira wa puani. Wodini, wauguzi wawili wa zamu ya usiku walikuwa na wodi nzima, na sikuwalaumu. Ila kazi iliyobaki ilituangukia sisi bila kufundishwa. Dada yangu, ambaye Kibarabaig humwingia vizuri kuliko Kiswahili, alipewa maelekezo koridoni huku machela ikisukumwa: amgeuze kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia, amwinue anapokunywa uji asipaliwe, aangalie mpira wa mkojo usijikunje. Aliitikia yote. Alishika moja.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa na hofu kutushinda. Usiku wa kwanza wodini alinikamata mkono.

"Mjomba, ile mashine iko wapi? Sasa nani ananiangalia?"

Milio ile iliyotunyima raha sisi ndiyo iliyokuwa ikimpa usingizi. Daktari alikuwa ameona anapumua mwenyewe na presha imetulia, akamhamisha, hakukosea. Lakini kichwa kilichoumia hakiponi kwa kuhamishwa kitanda. Mpwa wangu alisahau majina, akamfokea mama yake, akataka kuchomoa dripu aende mnadani. Wageni wawili waliomkuta hivyo hawakurudi tena.

Sisi binadamu hatari hutukusanya, nafuu ikatutawanya. Matope yalipoporomoka kutoka mlima Hanang hadi mji wa Katesh tarehe 3 Desemba 2023 na kuua watu zaidi ya 80, nchi nzima ilisimama na Katesh, na ilikuwa vyema. Lakini aliyevunjika mguu huhitaji mtu wa kumshika anapojifunza magongo, na hapo kamera zimekwisha kuondoka.

Wauguzi wetu, tuiteni siku moja kabla ya kumhamisha mgonjwa, mtuonyeshe kwa mikono namna ya kumgeuza, na mama asiyesikia Kiswahili mtafutieni wa kumtafsiria. Nawe ndugu, ukisikia mtu ametoka ICU, uliza nani analala naye leo. Ukiambiwa ni mama yake, yuleyule wa wiki iliyopita, panda basi ukampokee zamu.