Maji ya Moto ya Baden-Baden

Mwaka 1987 tulikuwa tukikaa Karlsruhe, kusini-magharibi mwa Ujerumani, mume wangu akisomea uhandisi. Huko ndiko nilikojifungulia mtoto wangu wa kwanza, Februari, theluji ikianguka nje. Hospitali walinihudumia vizuri, sina la kulalamika. Lakini nilipotoka sikuwa na wa kunikanda. Kwetu Unguja mzazi haachwi peke yake. Asubuhi na jioni huja mkandaji na beseni la maji ya moto na kitambaa, akamkanda mgongo, nyonga na tumbo, akamfunga mkaja, ndipo akaletewa uji wa pilipili manga. Mama yangu alikuwa Malindi, Mji Mkongwe, na arubaini yangu ikapita najimwagia maji ya bomba, kiuno kikiniuma mpaka nikawa siwezi kuinama kumtoa mtoto kitandani.

Aliyeliona hilo alikuwa mama mwenye nyumba wetu, Bibi kama nilivyomwita, mjane aliyepita miaka sabini, akikaa ghorofa ya chini. Alinisikia napanda ngazi kwa kusita. Naye alikuwa mgonjwa wa magoti, na daktari wake alimwandikia maji ya moto kwenye karatasi ileile ya kuandikia vidonge. Siku zile mfuko wa bima ya afya ulikuwa ukimlipia mgonjwa wa baridi yabisi wiki kadhaa za kukaa kwenye mji wenye chemchemi, akaoge na kupumzika, na hakuna aliyeyaona hayo kuwa anasa. Juni akanambia, “Jitayarishe mwanangu, tunakwenda Baden-Baden. Nalipa mimi.”

Swali langu la kwanza lilikuwa la sitara. Friedrichsbad, hamamu tuliyokuwa tukiiendea, siku hizo watu walioga bila nguo. Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni yake. Bibi alishalifikiria kabla yangu: alichagua siku ambayo wanawake wana upande wao na wanaume wao. Tukapanda treni ya asubuhi, tukashuka stesheni ya Oos nje kidogo ya mji, tukachukua basi. Mume wangu alibaki na mtoto, akamsukuma kwenye kigari chini ya miti ya Lichtentaler Allee, kando ya mto Oos, na chupa ya maziwa niliyoyakamua alfajiri.

Mlangoni nilipewa ndara na shuka jeupe. Nikajifunga lile shuka kifuani kama ninavyofunga kanga, na mhudumu, mwanamke wa makamo, akanitazama, akamtazama Bibi, akaniacha nalo mpaka ukingoni mwa maji. Sijamsahau kwa hilo.

Kuoga kwenyewe ni safari ya vituo. Unaanza kwa bomba la mvua, kisha chumba cha hewa kavu yenye joto la nyuzi 54, unajilaza juu ya shuka kwenye kitanda cha mbao. Kuta zina vigae vya rangi vilivyochorwa kwa mkono. Jasho linapoanza kukutiririka unahamia chumba cha pili, nyuzi 68, ambako ndara ni lazima kwa sababu sakafu inaunguza. Dakika chache zinatosha. Halafu maji tena, halafu sabuni.

Hapo kwenye sabuni ndipo hasa ninapotaka kupasimulia. Msuguaji alikuwa mwanamke mpana, mikono mifupi yenye nguvu, aproni ya plastiki. Akaniashiria nilale juu ya meza, akauliza brashi laini au ngumu. Bibi akanijibia: laini, huyu ni mzazi. Yule mama akaiweka brashi pembeni. Akajaza viganja povu, akaanza na kiuno, akitoka kwenye uti wa mgongo kuelekea ubavuni, polepole, akikandamiza kwa kisigino cha mkono pale palepale panapouma, akirudia, akirudia. Ndivyo wanavyokanda kwetu. Hajafika Unguja, wala hakunijua, na mikono yake ilijua. Nililia. Hakuniuliza sababu. Kisha akachukua brashi akamalizia miguu na mikono, akanimwagia maji, akanipiga kofi dogo mgongoni la kunambia kazi imekwisha.

Baada ya hapo ni vyumba viwili vya mvuke, nyuzi 45 na 48. Mvuke wake haupikwi popote. Jengo limeegemea mlima Florentinerberg, na maji yanatoka mlimani humo, yanapita juu ya mawe mbele ya macho yako yakifuka moshi. Chemchemi zinatoa maji yenye joto la hadi nyuzi 68 na zaidi kidogo, yenye chumvi, yanayopanda kutoka kina cha karibu mita 2,000. Nilikaa pale nikitazama ukuta ulivyoganda chumvi. Kutoka hapo unaingia bwawa la nyuzi 36, kisha la 34. Bwawa kubwa la katikati, chini ya kuba, ndipo pande mbili za jengo zinapokutana, na mimi sikuliingia. Nikalipita nikaenda kwenye maji baridi ya nyuzi 18, ambayo Bibi aliingia bila hata kuguna. Mwisho tukafungwa mashuka ya moto na mablanketi kwenye chumba cha giza, nusu saa, kila mtu na kitanda chake. Nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu kujifungua.

Kwenye basi la kurudi stesheni Bibi alinisimulia habari za mji wake kwa fahari. Warumi walioga pale, na magofu ya hamamu yao yamo chini ya jengo hilohilo. Mark Twain, mwandishi wa Marekani, alikuja mwaka 1878 na baadaye akaandika kwamba baridi yabisi yake aliiacha huko. Friedrichsbad ilifunguliwa mwaka 1877 na kupewa jina la mtawala wa Baden, Friedrich I. Miaka michache kabla, mwishoni mwa 1872, kasino ya mji ilifungwa kwa kuwa kamari ilipigwa marufuku Ujerumani nzima, na mji uliozoea pesa za wachezaji ukayategemea maji yake.

Yale ambayo Bibi hakuyajua niliyasoma mwenyewe baadaye. Namna ya kuoga ya Friedrichsbad huitwa ya Kirumi na ya Ireland. Ya Ireland kwa sababu ya daktari Richard Barter, aliyejenga hamamu ya hewa ya moto kwake Cork mwaka 1856. Barter aliipata fikra hiyo kwa David Urquhart, Mskochi aliyewahi kufanya kazi ya kibalozi Istanbul na kuandika kitabu, mwaka 1850, akizisifu hamamu za Waislamu alizoziona Uturuki na Morocco. Warumi walipoanguka, Ulaya ya magharibi iliacha sehemu kubwa ya desturi hiyo. Waislamu wakaishika, kwa karne nyingi, na kutoka kwao ndiko ilikorudi Ulaya. Kwa hiyo vile vyumba vinavyofuatana, baridi, vuguvugu na moto, na yule msuguaji na povu lake, ni urithi ambao na sisi tumo ndani yake.

Na sisi tulikuwa nayo hamamu, mitaa michache tu kutoka nyumbani kwetu. Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 mpaka 1888, aliijenga hamamu ya watu wa mji kwa ufundi wa Kiajemi, na mtaa wenyewe ukaitwa Hamamni. Ni zama zilezile za Friedrichsbad. Nyanya yangu, mzaa mama, alisema alipelekwa huko utotoni na shangazi zake. Leo mgeni analipa kiingilio, anatazama birika kavu na sakafu nzuri, anapiga picha, anatoka.

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Baden-Baden uliingizwa mwaka 2021, pamoja na miji mingine 10 ya chemchemi ya Ulaya, na sababu moja kubwa ni kwamba watu wake bado wanaoga. Jiwe walilitunza, na maji hawakuyakata.

Najua chemchemi za moto hatuna Mji Mkongwe, na maji itabidi yachemshwe, kama yalivyochemshwa wakati wa Barghash. Najua gharama ipo na hifadhi ina masharti yake. Hata hivyo nawaomba wenye dhamana ya Hamamni walifikirie hili kwa dhati: chumba kimoja tu kirudishiwe maji, siku mbili kwa wiki ziwe za wanawake, na mzazi aliye ndani ya miezi mitatu asitozwe kitu. Wasuguaji hawatakosekana. Wakandaji wazoefu wako Malindi, Ng’ambo na Makunduchi, wengine umri umekwenda, na kila mmoja akifa anaondoka na mikono yake. Wafuateni sasa, wawafundishe vijana.