Ng'ambo ya Rusumo, Vijana Wanacheza

Mabawe ni kata ya wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, katika ile pembe ya nchi inayopakana na Burundi na Rwanda. Ni nchi ya vilima, migomba, maharage na kahawa. Ukisalimia kwa Kihangaza, jirani wa Burundi anakuelewa, maana lugha hizi ni ndugu. Ngoma nazo ni ndugu. Siku ya harusi akina mama huinua mikono kama pembe za ng'ombe, miguu ikapiga ardhi, na mgeni wa ng'ambo akaingia katikati bila kufundishwa.

Wapenzi wasomaji, ndiyo maana tulipotaka kujua vijana wanasaidiwaje kutunga ngoma mpya, hatukuelekea Dar es Salaam, iliyo mbali kwa zaidi ya kilometa 1,000. Tulivuka mto tu.

Tulishuka hadi Rusumo, mahali Mto Kagera unapoporomoka kati ya Tanzania na Rwanda. Daraja jipya na kituo cha pamoja cha mpakani vilizinduliwa rasmi mwaka 2016. Karibu na maporomoko hayo upo mtambo wa umeme wa megawati 80, ambao Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana. Mama anayesafiri na watoto ajue mambo mawili. Ng'ambo magari hupita upande wa kulia, basi tazama vizuri kabla ya kumvusha mtoto barabara. Na saa ya huko iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Basi linapita Kibungo, Kayonza na Rwamagana, na baada ya kilometa kama 160 umefika Kigali.

Hata hivyo, hatuwezi kupita Rusumo bila kukumbuka. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la zamani katika muda wa saa 24 tu. Kambi ya Benaco ikawa kama mji mkubwa, na miti ya Ngara ikaisha kwa kuni. Wengi wao walirudi kwao Desemba 1996. Watoto waliobebwa mgongoni siku zile leo ni wazazi.

Ni katika Kigali hiyo kwamba mwaka 2012 mchezaji na mtunzi wa ngoma, Wesley Ruzibiza, alianzisha tamasha la ngoma za kisasa ambalo jina lake, kwa Kiswahili, ni Usiku wa Uvumilivu wa Afrika Mashariki. Kundi lake linaitwa Amizero, neno la Kinyarwanda lenye maana ya matumaini. Tukiyajua yaliyopita pale Rusumo, majina hayo mawili si ya pambo.

Huenda mama mmoja atauliza: ngoma ya kisasa ndiyo disko? La hasha. Mchezaji huchukua mwendo aliourithi, kwa mfano intore, ngoma ya mashujaa wa Rwanda ambayo UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2024, kisha anajiuliza mwili wake unataka kusema nini leo. Dorothée Munyaneza, mzaliwa wa Kigali, aliondoka nchini mwaka 1994 akiwa na miaka 12, akakulia Uingereza. Mwaka 2014 alitoa onyesho la jukwaani juu ya mambo aliyoyaona utotoni. Yapo mambo ambayo mdomo hauyawezi, ila mwili unayaweza.

Tamasha la namna hii humpa kijana ukumbi, muda na watu wa kumtazama. Anafanya mazoezi chini ya wakubwa wa kazi, kisha anaonyesha kazi yake ingali mbichi. Watazamaji wanamwuliza maswali, naye anakwenda kurekebisha. Sisi akina mama tunalielewa jambo hili: hatungoji wageni waketi mezani ndipo tuonje mchuzi.

Baada ya onyesho tulizungumza na msichana mmoja mchezaji. Tulimwuliza, "Mama yako anasemaje juu ya kazi hii?" Akainama kidogo. "Mama zangu, anasema ni uhuni. Lakini hajawahi kuniona nikicheza."

Jibu hilo lilitufuata njia nzima hadi Mabawe. Hofu ya mama huyo si ya bure. Kipato cha msanii hakina uhakika, mazoezi huisha usiku, na wapo wanaowatumia wasichana vibaya. Tena si milango yote iliyo wazi kwa mwanamke. Kwa jirani zetu wa Burundi, ngoma ya kifalme iliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2014, lakini amri ya mwaka 2017 iliwakataza wanawake kuipiga.

Basi tufanyeje mtoto akisema anataka kucheza? Tuulize kama tunavyouliza juu ya kazi nyingine yoyote. Nani anamfundisha, na mazoezi yanaisha saa ngapi? Analala wapi akisafiri? Kuna mapatano ya maandishi juu ya malipo? Kwa anayetaka kusoma sanaa rasmi, Tanzania ina chuo cha Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho tangu 2007 kinaitwa TaSUBa. Wala asiache shule kabla ya wakati.

Na hapa nyumbani tusingoje tamasha la mbali. Uwanja wa shule baada ya mavuno unatosha, pamoja na bibi wawili wanaojua ngoma za zamani na vijana wanaotaka kuzijaribu upya. Lakini kabla ya kumkataza mwanao, au kumruhusu, nenda kwanza ukamwone akicheza.